Mvuto wa Nyota na Uwongo wa Wanajimu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Enyi ndugu zetu wa Kiislamu. Katika miji yetu ya pwani limo jambo moja ambalo wanavyuoni wamelikataza mara nyingi juu ya mimbari, na watu wakaitikia kwa vichwa, kisha usiku ulipoingia wakaenda wakalifanya. Jambo lenyewe ni kupigisha nyota za wachumba. Kijana akileta posa, kabla hajaulizwa kama aswali au haswali, kama ni mwaminifu au si mwaminifu, jina lake na jina la mamake huchukuliwa yakapelekwa kwa mnajimu. Herufi zikahesabiwa kwa abjadi, kitabu kikuukuu kikafunguliwa, likatoka jawabu: nyota zao zaendana, au haziendani. Jawabu likiwa ni hilo la pili, posa hurejeshwa, na nyumba mbili zilizokuwa zikipendana zikaacha kutembeleana.

Nimeona ya kuwa sehemu ya kosa hili ni yetu sisi tunaofundisha. Tumewaambia watu kuwa jambo hili ni haramu, nalo ni haramu kweli. Lakini hatukuwaonyesha kuwa ni uwongo. Na mtu aliyeambiwa kitu ni haramu, naye moyoni mwake aamini kuwa ni kweli, hukiogopa kile kitu zaidi kuliko anavyoyaogopa maasi. Haya sikuyafahamu kwa kusoma kitabu, bali kando ya barabara, mahala paitwapo Kikopey.

Mwezi wa Juni tulikuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Nakuru, mimi na wenzangu wawili wa darsa. Kikopey ni mahala karibu na Gilgil, juu ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, na wasafiri wa bara wapajua kwa nyama ya kuchoma. Hapo malori husimama kwa safu, na moshi hauishi. Chini yake liko Ziwa Elmenteita, ziwa la magadi lisilo na kina, lenye chemchemi za maji ya moto kando yake. Ni nchi ya juu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake si ya kuzoewa na mtu wa pwani. Tulizikusanya Magharibi na Isha nyuma ya mabanda, juu ya mkeka, na kijana mmoja dereva wa lori, mzaliwa wa Mombasa, akaja akasali nasi. Tulipotoa salamu hakuondoka.

Akasema, "Sheikh, nina swali, nami naona haya kuliuliza."

Nikamwambia, "Uliza, mwanangu. Haya ya kuuliza humwacha mtu na ujinga wake."

Akatueleza kuwa alimposa binti wa mtaani kwao, wazee wa pande zote mbili wakaridhika, na mahari yakapokewa. Kisha baba wa binti akaenda kwa mnajimu. Akaambiwa kuwa kijana nyota yake ni Asadi, nayo ni ya moto, na binti nyota yake ni Sumbula, nayo ni ya udongo. Moto utaukausha udongo, na ndoa haitatimiza miaka mitatu ila mmoja wao atazikwa. Siku ya pili mahari yalirejeshwa.

Nikamjibu kama tulivyozoea kujibu. Nikamwambia kuwa hayo ni haramu, na kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, Mtume (s.a.w.) ametuhadharisha kuwa sala zake za masiku arubaini hazikubaliwi. Kijana akainamisha kichwa, akanijibu kwa adabu:

"Sheikh, kuwa ni haramu najua tangu chuoni. Mimi sikuulizi kama ni haramu, nakuuliza kama ni kweli. Kwani mnajimu alimwambia yule mzee: mwezi si ndio unaoijaza bahari na kuipwesha? Na mwili wa binadamu si maji? Basi ikiwa mwezi waivuta bahari nzima, nyota zitashindwaje kumvuta mtu mmoja? Nami ni mtoto wa pwani, Sheikh. Tangu nizaliwe naona maji yajaa na kupwa kwa kuufuata mwezi. Neno hili sijui nilijibu vipi."

Ndugu zangu, nilinyamaza. Na nyinyi mnaosoma, hebu jiulizeni kama mlikuwa nalo jawabu.

Hoja hii si mpya. Zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, mnajimu mashuhuri Abu Maashar al-Balkhi, aliyekufa mwaka 886, aliandika kwa urefu juu ya kujaa na kupwa kwa bahari, akaufanya mwezi kuwa ushahidi wake kwamba nyota zatawala mambo ya duniani. Wanavyuoni wakubwa walimkataa yeye na wenziwe. Ibn Sina aliandika kitabu kuwarudi wanajimu, na Ibnul Qayyim akawarudi kwa kurasa nyingi katika Miftahu Dari s-Saada. Lakini tazameni: hawakukanusha kuwa mwezi huivuta bahari. Jambo la kweli halikanushwi kwa kuwa mwongo amelitumia. Walilolikataa ni lile daraja la kutoka katika bahari kwenda katika bahati ya mtu.

Basi daraja hilo limevunjika wapi? Mmoja katika wenzangu ni mwalimu wa fizikia wa skuli ya sekondari, naye alituomba ruhusa, akachukua kijiti akachora mchangani kwa mwangaza wa taa ya banda. Nami nayaandika hapa kama nilivyoyafahamu.

Kujaa kwa maji hakutokani na mvuto peke yake, bali hutokana na tafauti ya mvuto. Upande wa ardhi ulioelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kiini cha ardhi, na upande wa nyuma huvutwa kidogo kuliko kiini. Kwa hiyo maji huinuka pande zote mbili, na ndiyo sababu bahari yetu hujaa mara mbili kwa siku. Mwezi na jua vikiwa katika msitari mmoja twapata bamvua. Vikivutana kwa kupingana twapata maji mafu. Na tafauti hii hupungua kwa haraka mno kwa kadiri ya umbali. Lau mwezi ungewekwa mbali mara mbili ya hapo ulipo, nguvu yake ya kujaza maji ingebaki thumuni. Ungewekwa mbali mara kumi, ingebaki sehemu moja katika elfu. Jua ni zito kuliko mwezi kwa karibu mara milioni 27, lakini kwa kuwa liko mbali kuliko mwezi kwa karibu mara 390, sehemu yake katika kujaza bahari haifiki nusu ya sehemu ya mwezi. Ukubwa wote ule umeshindwa na umbali.

Kisha akaonyesha kwa kijiti upande wa bonde lililokuwa giza. Akamwambia yule kijana, "Ziwa liko hapo chini. Mwezi hulipitia juu kila siku kama unavyoipitia bahari. Je, madereva wenzako walioko hapa miaka na miaka, yuko aliyeliona likijaa na kupwa kama Kilindini?" Akajibu, "Hapana." Mwalimu akasema, "Ni kwa kuwa ziwa ni dogo, na tafauti ya mvuto baina ya ukingo wake huu na ule ni ndogo hata jicho haliioni. Basi ikiwa mwezi, ulio karibu kuliko kila kilichoko mbinguni, haulitikisi ziwa zima, utalitikisa vipi tone lililomo katika mwili wako? Na nyota zilizo mbali kuliko mwezi kwa kiasi kisichohesabika, ziseme nini?"

Ilikuwa yakaribia saa tatu ya usiku, na mbingu ya Kikopey ilikuwa safi. Karibu na utosi wetu ilikuwapo nyota moja nyeupe yenye kuelekea ubuluu. Mwalimu akainua mkono akasema, "Ile ndiyo nyota kubwa ya Sumbula." Nami nikaitambua. Waarabu waliiita Simaki al-Aazal, yaani Simaki asiye na silaha, kwa kuwa Simaki wa pili anayo nyota mbele yake mfano wa mkuki, na huyu hana. Ni manzili ya kumi na nne katika manzili za mwezi. Abdur-Rahman as-Sufi aliziandika nyota hizi katika kitabu chake cha karne ya kumi, na manahodha waliovuka bahari yetu, na mkubwa wao Ahmad bin Majid, waliziendea njia. Hiyo ndiyo kazi ambayo Mwenyezi Mungu ametutajia katika Suratul Anaam: nyota tumewekewa ili tuongoke katika viza vya bara na bahari. Kuongoka njia ni jambo moja, na kuongozwa maisha ni jambo jingine.

Ajabu iliyoje! Nyota ile iliyosifiwa kwa upweke haikuwa pweke. Mwaka 1890, Hermann Vogel wa Potsdam, Ujerumani, alipoipambanua nuru yake aliona kuwa ni nyota mbili. Ziko karibu mno hata ukiitazama kwa darubini waona nuru moja. Kubwa ina uzito wa jua letu karibu mara 11, na ndogo karibu mara 7. Zazungukana kila baada ya siku nne, na baina yake ni karibu kilomita milioni 20 tu, hali ya kuwa baina yetu na jua ni kilomita milioni 150. Kwa ukaribu huo, kila moja huivuta nyenziwe kama mwezi unavyoivuta bahari, lakini hapa linalojaa na kupwa si maji, ni mwili wa nyota wenyewe. Hurefuka, zikawa na umbo la yai.

Na kubwa yake ina hali nyingine: hupwita, kama mshipa wa mkono unavyopwita. Ndani ya nyota za namna hii mna tabaka linalolizuia joto lisitoke, mfano wa kifuniko cha chungu: joto likizidi hukiinua, likitoka kikashuka. Nyota ikatanuka na kunywea, ikatanuka na kunywea. Mpwito mmoja wa Simaki huchukua muda wa saa nne na dakika kumi hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walioutazama waliona umefifia. Mwaka 2016 wataalamu waliotumia vipimo vya chombo cha angani cha Kanada kiitwacho MOST walieleza kuwa nyota ile hupwita kwa namna tatu, na moja katika hizo hesabu yake huafikiana kamili na hesabu ya mzunguko wa zile nyota mbili. Wakaona dalili kuwa mpwito huo haukutoka ndani ya nyota, bali umetiwa na mvuto wa mwenziwe.

Mfano wa Simaki si mmoja. Mwaka 2011 ilitangazwa khabari ya nyota mbili, zimeitwa KOI-54, zilizotazamwa kwa darubini ya angani ya Marekani iitwayo Kepler. Njia yake ni ndefu, na kila baada ya siku 42 hivi hukaribiana sana, mwangaza ukapanda ghafla, kisha zikaachana. Lakini mtikisiko haukomi zinapoachana. Zabaki zikipwita kama upatu uliogongwa, mipwito 90 kamili na mipwito 91 kamili katika kila mzunguko mmoja. Na mwaka 2020 ikaelezwa nyota nyingine, HD 74423, ambayo mwenziwe yu karibu hata wazungukana chini ya siku mbili. Imevutwa ikawa na sura ya tone la maji, na kupwita kwake kumelemea upande mmoja. Subhanallah! Nasi twasoma katika Suratu Yasin kuwa ametakasika aliyeumba vitu vyote kwa jozi, hata katika tusivyovijua.

Basi, ndugu zangu, katika khabari hii mna mafunzo matatu.

La kwanza: mvuto ni wa aliye karibu. Simaki huivuta nyenziwe hata umbo likabadilika. Lakini kutoka kwake mpaka kwetu ni mwendo wa nuru wa miaka 250, na nuru tuliyoiona Kikopey iliondoka huko kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Ukihesabu nguvu yake ya kuijaza bahari yetu kwa kuipima na nguvu ya jua, haifiki sehemu moja ya milioni ya milioni ya milioni. Kwetu sisi ni al-Aazal kweli, haina silaha. Haiinui tone katika kisima chako. Itauvunja vipi unyumba wako?

La pili: mtu asije akaligeuza jambo hili upande wa pili, akasema, "Basi nyota za Sumbula zapendana, na hiyo ni bishara njema kwa waliozaliwa humo." Huo nao ni unajimu uliobadilishwa nguo. Nyota haina bishara wala nuksi. Alipokufa Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa siku hiyo hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Lau Mtume angelitaka utukufu wa uwongo, angelinyamaza. Lakini alisimama, na huzuni ya mwanawe moyoni, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu.

La tatu, nalo ndilo kubwa: ikiwa mvuto ni wa aliye karibu, basi tujihadhari na walio karibu nasi. Mtume (s.a.w.) amelifananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mbaya na mfua chuma: ukikaa na wa kwanza hukosi harufu nzuri, na ukikaa na wa pili hukosi cheche au moshi. Mume humvuta mkewe, na mke humvuta mumewe. Wala mkubwa asiseme, "Mimi ni mkubwa, sitikisiki," kwani katika Simaki ndiyo ile kubwa inayotiwa mpwito na ndogo yake. Na mnajimu naye, nyota zake hazikudhuru. Akudhuruye ni yeye mwenyewe, kwa kuwa umemweka karibu na sikio lako.

Tuliporudi Mombasa nilikwenda kwa baba wa yule binti, kama nilivyomwahidi kijana. Ni mtu wa sala na wa heshima. Alinipokea vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia neno ambalo silisahau. "Sheikh, mimi nilikuwa na binti mkubwa. Alipoposwa niliambiwa nyota hazikuafikiana, nikapuuza. Alikufa na uzazi wake wa kwanza. Wewe wanipa hesabu za mbinguni. Mimi kaburi la mwanangu liko hapa."

Enyi ndugu, mtu huyu si jahili wala si mshirikina wa kukusudia. Ni mzazi aliyeumia. Nikamwambia, "Mzee wangu, Mtume pia alizika mwana, na mbingu ilikuwa giza siku hiyo, na watu wakamletea neno kama hilo hilo uliloletewa wewe. Akalikataa. Binti yako alikufa kwa ajali yake aliyoandikiwa na Mola wake, na twataraji kwa fadhila Zake ana daraja ya shahidi, kwa kuwa amekufa na uzazi. Usiyaache mauti yake yakawa mtaji wa mnajimu." Akalia. Kisha akasema ataswali istikhara, na ataniita. Mpaka naandika haya hajaniita, nami namwombea yeye na vijana wale wawili.

Basi nasema kwa wazazi wote. Akija mposaji, ulizeni dini yake na tabia yake. Waulizeni majirani zake, na anaofanya kazi nao. Mpeni binti nafasi ya kusema. Kisha swalini istikhara, mtegemeeni Mwenyezi Mungu. Na ikiwa mwachelea maradhi, kuna daktari wa kuwapima. Kuna mengi ya damu yanayojulikana kabla ya ndoa, na kuyauliza ni katika kuchukua hadhari.

Na kwa walimu wenzangu nasema: tusiwaachie wanajimu mbingu. Hii ilikuwa ilimu ya wazee wetu. Wala haiko mbali na pwani yetu. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Disemba 1970, kilirushwa kutoka baharini chombo cha kuzitazama nyota, kikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa ni siku ya uhuru wa Kenya. Na katika waliyoyapata kwacho ni nyota mbili nyingine zinazozungukana kwa muda wa siku mbili na kitu. Chombo kiliondoka katika maji yetu, na watoto wetu hawajui, hali ya kuwa wajua hesabu ya kupigia bao. Tuwatoe nje usiku, tuwaonyeshe Simaki, tuwaambie kilichomo. Mtoto aliyejua kweli yake, mnajimu hampati akiwa mzee.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki atujaalie kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili atujaalie kuiepuka. Amin.

Wabillahi t-taufiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.